Uvimbe wa shingoni unaodunda: sindano isubiri

Dada, pole kwa hofu. Umeuliza kama kaka yako akubali kuchukuliwa kinyama kwa sindano kwenye uvimbe unaodunda chini ya taya. Hapana, picha kwanza! Huenda ni paraganglioma, aina ya uvimbe wa seli zinazohusiana na neva. Ya shingoni mara nyingi huota pale ateri ya karotidi (mshipa mkubwa wa damu wa shingoni) inapogawanyika, na imejaa mishipa ya damu. Ikichomwa inaweza kuvuja damu vibaya, au kumwaga homoni zinazopandisha presha ghafla. Daktari akiushika kwa vidole, mara nyingi husogea kushoto na kulia lakini haupandi wala haushuki.

Ombeni CT ya dawa ya rangi au MRI, pamoja na kipimo cha metanefrini (mabaki ya homoni za aina ya adrenalini) kwenye damu au mkojo wa saa 24. Za shingoni nyingi hazitoi homoni. Za kifuani, jirani na moyo na aorta, ni adimu zaidi, na baadhi hutoa: jasho, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio. Hapo dawa za kuzuia alfa (hulegeza mishipa ya damu na kushusha presha) hutangulia kabla ya upasuaji. Za kuzuia beta (hupunguza mapigo ya moyo) zisianze peke yake, ni hatari.

Nyingi hukua taratibu sana, kwa hiyo mna muda wa kutafuta daktari wa mishipa ya damu anayezijua.

Na wewe pia usijisahau. Takriban theluthi moja ni za kurithi. Hitilafu ya jeni SDHD huleta ugonjwa karibu kila mara ikitoka kwa baba, si kwa mama. Kama mnachangia baba, muulize daktari habari ya kupimwa.