Maswali yenu kuhusu Rammstein

Makala yangu kuhusu metali ya viwandani kutoka Ujerumani, yaani roki nzito yenye midundo kama ya mashine, imeleta maswali mengi, na karibu yote yanahusu bendi moja, Rammstein. Nimechagua yale yanayogusa mambo ambayo watu wanayakosea kila siku.

Hawa jamaa ni Freemason? Nimeona mwimbaji anawaka moto na bado anaimba. (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Swali hili haliishi kuja, na anayeuliza huwa ni mtu aliyetazama kipande cha sekunde thelathini kwenye simu akatoa hukumu palepale. Koti analowaka nalo Till Lindemann limetengenezwa kwa kazi hiyo. Ni sanaa ya jukwaani. Tukimsingizia shetani kila tusichokielewa, hatutajifunza chochote kuhusu muziki wa mtu yeyote.

Jina lao limetoka wapi?

Kwenye maafa. Tarehe 28 Agosti 1988, katika kambi ya jeshi la anga la Marekani iliyopo Ramstein, Ujerumani Magharibi, ndege za maonyesho za Italia ziligongana angani na moja ikaanguka penye watazamaji. Watu 70 walikufa. Bendi iliongeza herufi m moja, ikatunga na wimbo wenye jina hilo, unaotaja watu wakiungua huku jua likiwaka. Mkiona moto jukwaani, mkumbuke ulikoanzia.

Rafiki yangu anasema ni Wanazi. Kweli?

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo.

Wote sita walikulia Ujerumani Mashariki. Paul Landers, Christoph Schneider na Christian Lorenz, yule mpiga kinanda anayeitwa Flake, walipitia Feeling B, bendi ya panki, enzi ambazo mwanamuziki alihitaji kibali cha serikali kabla ya kupanda jukwaani. Mpiga gitaa Richard Kruspe alikamatwa na polisi Oktoba 1989 alipojikuta katikati ya maandamano, na alipoachiwa akatorokea Magharibi kupitia Hungary. Watu waliolelewa hivyo wanajua gwaride ni nini na linamfanya nini mtu anayelazimishwa kulitembea. Ndiyo maana wanalichezea.

Hata hivyo tuhuma hazikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1998 walirudia Stripped, wimbo wa bendi ya Uingereza Depeche Mode, na kwenye video wakatumia picha za Leni Riefenstahl za Olimpiki ya Berlin ya 1936. Mama huyo alimtengenezea Hitler filamu za propaganda. Hapo walikosea na sitawatetea. Picha zile haziwezi kutenganishwa na kazi zilizotengenezewa. Mwaka 2001 wakajibu kwa Links 2 3 4: mdundo ni wa askari wanaotembea, lakini maneno yanatangaza kuwa moyo wao unapiga upande wa kushoto, yaani upande wa siasa unaopingana na Wanazi.

Halafu ukaja wimbo Deutschland, yaani Ujerumani, mwaka 2019. Tangazo lake liliwaonyesha wamevaa sare za wafungwa wa kambi za mateso, vitanzi shingoni, na viongozi wa Wayahudi wakakasirika. Walikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu mateso yale si kitu cha kutangazia wimbo. Ila video nzima, yenye zaidi ya dakika tisa, ni jambo jingine. Nchi yenyewe inaigizwa na Ruby Commey, mwanamke Mweusi, anayepita karne baada ya karne akiwa na taji, upanga na damu. Mwimbaji anasema anataka kuipenda nchi yake na hawezi kuipa mapenzi yake. Mwambie rafiki yako anionyeshe Mnazi mmoja aliyewahi kuimba hivyo.

Kwa nini hawaimbi Kiingereza?

Waliwahi kurekodi Engel na Du hast kwa Kiingereza. Sikiliza matoleo yote mawili na utajua kwa nini Kijerumani kilibaki.

Wamebadilisha wanamuziki mara ngapi?

Hawajawahi. Lindemann, Kruspe, Landers, Schneider, Flake na Oliver Riedel wa besi ndio walewale tangu miaka ya mwanzo Berlin, kuanzia 1994. Vikundi vyetu vinavyovunjika baada ya wimbo mmoja kupendwa vijifunze hapo.

Video ya Ausländer inatudhalilisha Waafrika. Unaisifiaje bendi kama hii? (Msomaji, Songea)

Swali zuri, na nalishukuru. Kwenye video hiyo ya 2019 wanafika ufukweni kwa mashua, wamevaa kaki za wakoloni, wanakutana na wenyeji. Wimbo ni wa mwanamume anayesafiri nchi hadi nchi akitafuta mapenzi ya usiku mmoja, akijua maneno machache tu ya kila lugha. Anayechekwa ni Mzungu huyo, na anastahili.

Lakini nakubaliana nawe nusu. Wenyeji kwenye video hawana majina wala kauli. Wapo ili Mzungu ajicheke. Na Deutschland, inayoanza zama za Warumi na kuishia angani, haikufika kwenye makoloni ya Afrika. Kwa mtu wa Songea, ambako Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Vita vya Maji Maji mwaka 1906, pengo hilo si dogo. Bendi yenye ujasiri wa kuichambua nchi yake kiasi kile ilipaswa kufika huku.

Nianze na albamu gani?

Mutter, ya 2001. Herzeleid (1995) ni ngumu kwa sikio geni, na Sehnsucht (1997) ina Du hast, ambayo umeshaisikia hata kama hujui jina lake. Mutter ndiyo waliyoikamilisha. Vaa spika za masikioni, weka Sonne. Kwanza sauti inahesabu kwa Kijerumani, moja hadi tisa, lakini badala ya kumi inatamka neno la kumaliza, kama refa juu ya bondia aliyelala chini. Ndipo magitaa yanaingia kwa pamoja, mazito na ya polepole, na juu yake sauti ya mwanamke inaelea. Hesabu ile ina sababu: wimbo ulitungwa ukimlenga bondia Vitali Klitschko aingie nao ulingoni. Ukiusikiliza kwa spika ya simu, besi yote inapotea, kisha utaniandikia kwamba ni kelele tu.

Bendi yetu ina shoo mwezi ujao kwenye ukumbi wa shule. Tunataka kuwasha petroli kama wao.

Msifanye. Nasema tena, msifanye.

Septemba 1996, kwenye Arena ya Berlin, sehemu ya mapambo yao iliyokuwa ikiwaka ilianguka. Baada ya hapo Lindemann alisomea na kupata leseni ya kufanya kazi na fataki na moto, na kazi ikakabidhiwa kwa mafundi. Nyinyi mna ukumbi wenye mapazia na pengine mlango mmoja. Mvuke wa petroli husambaa usiouona na hushika moto kabla hamjajiandaa. Tumieni taa. Na mwalimu anayesoma hapa, kama ukumbi ni wako, kataa.

Mwanangu wa miaka tisa anapenda Du hast. Nimwache?

Du hast haina tatizo. Inacheza na kiapo cha ndoa. Nyingine zina tatizo. Mein Teil inahusu kisa cha kweli cha Mjerumani aliyemuua mtu na kumla. Video ya Pussy ni ya watu wazima kabisa. Albamu ya 2009, Liebe ist für alle da, iliwekewa vikwazo Ujerumani ili isiuzwe kwa watoto, hadi mahakama ya Cologne ilipovisimamisha mwaka 2010. Mimi naona mahakama ilikuwa sahihi kwa watu wazima, lakini mtoto wa miaka tisa ni habari nyingine. Mpakulie nyimbo ulizozisikiliza wewe mwenyewe, na usiiachie simu ichague unaofuata.