Unataka kutumia Impact, fonti (mtindo wa herufi), kwa kijitabu kizima?
Vichwa vya habari, sawa. Aya nzima, hapana, utawaumiza wasomaji macho. Fonti hii ilichorwa na Mwingereza Geoffrey Lee, ikatoka mwaka 1965, na kazi yake tangu mwanzo ni kupiga kelele: herufi nene, zimebanana, hazina vijimkia kwenye ncha, na vitundu vya "a" na "e" ni vyembamba mno. Ukiishusha hadi ukubwa wa pointi 10, vinaziba kwa wino. Kwenye bango ndiko iliko raha yake, maana hata neno refu kama "yatakayofanyika" linaingia mstari mmoja likiwa kubwa. Ila watu wameizoea kwenye picha za utani mtandaoni, kwa hiyo tanzia usiiandike nayo! Jaribu pia fonti za Oswald au League Gothic, zote za bure.