Maswali yenu: kuvua samaki na majeruhi wa vita

Mwezi uliopita niligusia hapa, kwa mistari miwili tu, kwamba Jumamosi zangu nyingi za kiangazi hupita kando ya ziwa huku Maryland, nikijitolea kwenye safari za uvuvi za askari waliojeruhiwa vitani. Sikutegemea kwamba mistari hiyo ingeleta barua nyingi kuliko ile makala ndefu ya kodi. Nimechagua nane. Kama barua yako haimo, jitafute kwenye ya mwenzako, maana wengi mmeuliza jambo lile lile.

Mjomba, shikamoo. Sijawahi kushika ndoana maishani. Nitafaa kweli? (Silver Spring)

Marahaba. Utafaa kuliko mvuvi hodari. Mvuvi hodari akifika majini mikono humwasha. Anaona samaki wanarukaruka, anasahau kilichomleta, na baada ya dakika kumi fimbo iko mkononi mwake huku mwenye siku amekaa anamtazama. Mwaka wa kwanza nilikuwa huyo. Nimezaliwa Pangani, mshipi niliujua kabla ya kalamu, nikadhani nimeitwa nikaonyeshe ufundi. Mratibu wetu, mama mmoja mpole sana, alinivuta pembeni akaniuliza: "Leo ni siku ya nani?" Tangu hapo nashika wavu.

Kazi ni za kawaida: kuelekeza magari, kubeba viti na maji ya kunywa, kugawa majaketi ya kuokolea, kutia chambo, kuchoma nyama. Utajaza fomu, na baadhi ya vikundi vitataka kuangalia kama una rekodi ya jinai. Usione umeshukiwa, kila mtu hupitia hapo.

Tangu lini kuvua samaki kukawa matibabu? Au Wamarekani wanatafuta picha tu? (Dallas)

Picha zipo, sikatai. Zipo hata bendera nyingi kuliko samaki. Lakini jambo hili halikuanzia kwenye picha. Mwaka 2005 kapteni mstaafu wa jeshi la majini, Ed Nicholson, alianzisha kikundi cha Project Healing Waters Fly Fishing katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington. Wakati huo vijana walikuwa wanarudi kutoka Iraq na Afghanistan bila mikono au bila miguu, wanakaa hospitali miezi na miezi. Huko kwenu Texas, mwaka 2007, kikaanza Heroes on the Water, ambao wao huvua kwa kayaki.

Kundi la kwanza huvua kwa nzi bandia. Kabla hata ya kufika mtoni, mtu hukaa mezani na unyoya, uzi na ndoana ndogo kama punje ya mchele, anafunga kidude kinachofanana na mdudu. Vidole vilivyofanyiwa upasuaji mara nne vinapata zoezi ambalo halinuki dawa. Halafu kuna suala la namna ya kukaa. Kwa mshauri mnakaa uso kwa uso. Kwenye gati mnakaa bega kwa bega, macho yote manne kwenye boya. Maneno yakija, yamekuja. Yasipokuja, boya lipo.

Mimi lakini siuiti tiba. Tiba ina wenyewe, na hao wana vyeti.

Nizungumze nini na mtu aliyekatwa miguu? Naogopa kukosea. (Wengi wenu, hasa Columbus)

Kwanza, chunga "pole". Sisi tunampa pole aliyejikwaa, anayebeba ndoo, hata anayetoka kazini, na hakuna anayeumia. Ukiihamishia kwenye Kiingereza inageuka: ama unaomba radhi kana kwamba bomu ulilitega wewe, ama unamtazama mtu kutoka juu. Nimewahi kuona neno hilo moja likimfunga mtu mdomo asubuhi nzima. Ibaki moyoni. Taja jina lako, muulize kama amewahi kuvua, kisha muulize angependa ukae upande gani wake.

Hilo la upande si adabu tu. Mvumo wa masikio usiokoma ndio ulemavu unaoongoza kwa idadi kati ya wanaolipwa fidia na Idara ya Maveterani (yaani askari wa zamani) ya Marekani, na wengine sikio moja halisikii kabisa. Ukikaa upande mbovu utadhani anakununia. Usimtokee kwa nyuma. Usimshike bega bila kumwambia. Kifuniko cha boksi la barafu kifunge polepole, kwa sababu kikipigwa kwa nguvu kinatoa mlio ambao mimi na wewe hatuusikii kama wao. Kuna watakaotaka kiti kilichoegemea mti ili nyuma yao pasipite mtu. Ukikikuta kiti hicho kiko wazi, usikikalie.

Aliyeumia kichwa mpe maelekezo moja moja. "Shika hapa." Ngoja. "Sasa zungusha." Ukimpa matano kwa mpigo atapoteza yote, na aibu itamkaa yeye badala yako.

Na usimuulize ameua wangapi. Msicheke, watu wazima wenye digrii zao huuliza. Akianza kusimulia mwenyewe, sikiliza mpaka mwisho, na usimlipe kwa kisa cha binamu yako aliyekuwa mgambo.

Mtu wa mkono mmoja anavuaje? Na asiyeona? (Dada wa Minneapolis)

Dada, hapa ndipo nisipopenda kunyamaza. Kuna mkanda wa kifuani wenye kikombe cha kushikilia kitako cha fimbo, hivyo mkono mmoja ukabaki huru kuzungusha kigurudumu cha mshipi. Kuna vigurudumu vya umeme vinavyokunja mshipi kwa kubonyeza kitufe. Kuna vishikio vinavyofungwa kwenye kiti cha magurudumu. Na kuna watu wanaofunga fundo kwa meno na mkono mmoja haraka kuliko mimi na mikono yangu miwili, kwa hiyo usimnyang'anye mtu mshipi kabla hajakuomba. Hesabu mpaka ishirini kimoyomoyo. Bado hajafunga? Hesabu tena.

Yako mambo ya usalama ambayo sifanyi mzaha nayo. Kiti kikifika kwenye gati, breki zote mbili zifungwe, na gati liwe na ukingo wa kuzuia magurudumu. Ndani ya boti mtu asifungwe mkanda kwenye kiti chake, maana kiti kikitumbukia kitamzamisha. Jaketi huvaliwa nchi kavu, si baada ya kupanda. Mguu wa bandia uulizie kabla: mingine ina kompyuta kwenye goti na haitakiwi kuloa. Meno ya ndoana yabane kwa koleo mpaka yalale, ili ikimchoma mtu, au ikikuchoma wewe, itoke bila kisu.

Kwa asiyeona, Wamarekani hutumia uso wa saa. Mbele yako ni kumi na mbili, kulia ni tatu, kushoto ni tisa. Rahisi, isipokuwa kwa Mswahili. Siku moja niliona kiduara cha samaki majini upande wa kushoto, pale ambapo mshale mfupi ungeelekea kwenye 9. Kichwa changu, kilichofundishwa saa na bibi, kikasema saa tatu. Mdomo ukatafsiri bila kuniuliza: "Three o'clock!" Yule bwana akageuka kulia kwa imani yote akaitupia ndoana mtini. Ilibidi nimweleze kwamba kwetu saa za mchana huhesabiwa tangu jua linapochomoza na si tangu usiku wa manane. Alicheka mpaka akalazimika kushikwa. Mpaka leo tukikutana hunisalimia kwa kuniuliza saa ngapi, na ni saa ya nani.

Leseni ya uvuvi nahitaji? (Fort Worth)

Ukirusha mshipi, unavua, hata kama unamwonyesha mwenzako tu. Maryland leseni huhitajika kuanzia miaka 16, kwenu Texas miaka 17. Majimbo mengi huwapunguzia au kuwasamehe ada maveterani wenye ulemavu, lakini msamaha huo haukuhusu wewe unayemsaidia. Kuna siku za bure: Texas ni Jumamosi ya kwanza ya Juni, Maryland ni Jumamosi mbili za mwanzo za Juni na tarehe 4 Julai. Hiyo ya Julai sisi tunaiacha. Usiku wake una fataki, na wengi wao huanza kukosa raha tangu asubuhi.

Mume wangu ni Mkenya, alijiunga na jeshi la Marekani akiwa na green card, akaenda Afghanistan. Sasa hatoki nyumbani. Nimwandikishe kimya kimya? (Jina na mji nimeuficha)

Hapana, mama. Usimwandikishe kimya kimya. Mtu ambaye kwa miaka amepangiwa aende wapi na saa ngapi hatapenda kupangiwa tena na mkewe.

Nilichoona kikifanya kazi ni kumwomba aje kusaidia. Wanaume wetu wengi wakiambiwa "kuna shughuli ya wagonjwa wa vita, nenda" watakwambia wao si wagonjwa, na mjadala umekufa. Ukimwambia kuna Mjomba anahitaji mtu wa kubeba majaketi na kuchoma nyama, huenda akaja kwa heshima tu. Safari nyingi hupokea familia, njooni na watoto. Akikaa garini saa nzima, mwacheni garini. Yuko mmoja kwetu aliyekaa garini Jumamosi mbili. Ya tatu aliteremka kuuliza kwa nini tunatia chambo vibaya.

Ila kama kutokutoka huko kunakwenda na maneno ya kutaka kufa, au ameanza kugawa vitu vyake, usingojee Jumamosi. Piga 988 kisha bonyeza 1. Hiyo ni simu ya dharura ya maveterani, usiku na mchana, na wewe mke unaweza kupiga kwa niaba yake.

Mbona hatuna kitu kama hiki nyumbani? Askari walioumia Somalia na Kongo nao ni watu. (Mombasa)

Nao ni watu, ndugu yangu, na bahari mnayo mlangoni. Utotoni kwetu Pangani, karibu na kivuko, alikuwa anakaa mzee aliyerudi Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, mguu mmoja umebaki huko. Kila alasiri alishusha mshipi, sisi watoto tukamchimbia chambo. Hakuna aliyekuwa ameunda kikundi. Tulimwendea kwa sababu alikuwa anatugawia samaki.

Kwa hiyo usingoje mfadhili. Vyenu vinavyopungua ni majaketi, gati ambalo kiti cha magurudumu kinaweza kupita, na nahodha asiyeharakisha. Huko bara mna hata trauti, samaki waliopandwa kwenye mito ya Aberdare tangu 1905, wa kuvuliwa kwa nzi bandia vile vile kama huku. Anzeni na wazee watatu mnaowafahamu. Mkishavua mara mbili niandikieni, nitatuma ndoana.

Na hao samaki mnawala? (Houston)

Mara chache. Juni samaki wetu wengi ni bluegill, bapa, ukubwa wa kiganja, wapo kwenye viota vyao maji mafupi na hula chochote. Tunamnasa, tunampiga picha, tunamrudisha majini. Chakula ni baga. Mara moja nilipeleka mandazi yakaisha kabla ya saa nne asubuhi, saa nne yetu.

Nilimweleza mama yangu haya kwenye simu: tumeamka alfajiri, tumeendesha gari kwa muda wa saa mbili, tumevua samaki thelathini na saba, tukawaachia wote. Akanyamaza muda mrefu nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza:

"Sasa mboga mlikula nini?"