Wastani ni mzuri, malalamiko hayaishi: bodi ya hospitali isimamieje usawa wa huduma?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya hospitali ya umma ya mkoa, na nimekabidhiwa uenyekiti wa kamati ya usawa katika huduma. Sera tunayo, ilipitishwa bila pingamizi. Kila robo mwaka menejimenti inatuletea ukurasa mmoja unaoonyesha muda wa kusubiri upasuaji, vifo, malalamiko na kuridhika kwa wagonjwa. Karibu vyote viko ndani ya malengo. Hata hivyo, wawakilishi wa maeneo ya pembezoni wanatuambia kila mara kwamba watu wao wanachelewa kufika, wanarudishwa, au hawafiki kabisa. Nilipoomba takwimu zichambuliwe kwa makundi nilijibiwa kwamba baadhi ya makundi ni madogo mno, namba zake hazina maana. Tuombe taarifa gani, na tusimamieje jambo hili bila kugeuka menejimenti ya pili?

JIBU: Ndugu mwenyekiti, ukurasa mnaoletewa unaweza kuwa sahihi, na watu wa pembezoni nao wakawa wanasema kweli. Tuseme lengo lenu la kusubiri upasuaji ni siku 60, na wastani umetoka siku 60 kamili. Wagonjwa 80 katika kila 100 wakisubiri siku 45, na 20 waliobaki wakisubiri siku 120, wastani unabaki 60. Lengo limefikiwa, na mtu mmoja kati ya watano amesubiri miezi minne. Hapo hakuna aliyewadanganya. Mliuliza kuhusu wagonjwa wote kwa pamoja, mkajibiwa kuhusu wagonjwa wote kwa pamoja.

Kwa hiyo msiombe ripoti mpya ya usawa. Ombeni zilezile mnazoletewa, zikiwa zimechambuliwa. Ripoti ya usawa inayosimama peke yake huwekwa mwisho wa ajenda, hupokelewa kwa taarifa tu na kufungwa. Muda wa kusubiri, vifo na fedha hujadiliwa mapema, wajumbe wakiwa bado na nguvu, kwa sababu kuna mtu anayewajibika kuzitolea maelezo. Usawa nao uingie humo.

Ni makundi yapi? Anzeni na mawili: mahali mgonjwa anakoishi, na namna anavyolipia huduma, yaani bima, fedha taslimu au msamaha. Nayataja haya kwanza kwa sababu kwa kawaida yameshaandikwa mapokezi na dirishani kwa mhasibu, hayahitaji fomu mpya. Umri na jinsia vimo tayari. Ulemavu na lugha vifuate, wahudumu wakishafundishwa namna ya kuuliza bila kumdhalilisha mtu. Kabila na dini ni jambo la tahadhari kubwa. Msikusanye kama sheria hairuhusu, kama hamjui mtazitumia kufanyia nini, au kama zikivuja zinaweza kumdhuru mgonjwa.

Kabla ya kusoma matokeo yoyote, ulizeni ni rekodi ngapi hazina taarifa hiyo. Theluthi moja ya mafaili ikiwa haina makazi ya mgonjwa, kiashiria chenu cha kwanza ni ujazaji wa mafaili. Nafasi hizo tupu hazitokei ovyo. Mara nyingi ni za aliyeletwa usiku hajitambui, asiye na kitambulisho, au aliyefikia kwa ndugu mjini na hakuulizwa ametoka wapi. Ndio walewale mnaowatafuta. Safu ya "haijulikani" iwekwe kwenye jedwali kama kundi kamili, isifutwe.

Sasa nifike kwenye kiini cha malalamiko mnayopokea. Takwimu zote nilizozitaja zinahusu waliofika. Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari aliyefanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa huko Wales, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kupungua pale ambapo uhitaji wa watu ni mkubwa zaidi. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine, wakichunguza vifo vya uzazi, walionyesha ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata tiba baada ya kufika. Ripoti ya hospitali karibu kila mahali huanza kuhesabu kwenye ucheleweshaji wa tatu. Mama aliyefia njiani hayumo kwenye vifo vya wodi. Aliyerudi nyumbani kwa kukosa nauli hayumo kwenye foleni ya upasuaji, na foleni inaonekana fupi kwa sababu yeye hayumo.

Dawa yake ni kubadilisha idadi mnayogawia. Badala ya kugawa kwa idadi ya wagonjwa, gaweni kwa idadi ya wakazi. Chukueni sensa ya kila wilaya inayohudumiwa na hospitali yenu, kisha muulize: kwa kila wakazi 10,000, wangapi walifanyiwa upasuaji wa ngiri, wangapi waliondolewa mtoto wa jicho? Uhitaji wa huduma hizi hautofautiani sana kati ya wilaya jirani, umri wa wakazi ukizingatiwa, kwa hiyo tofauti kubwa inadai maelezo. Upasuaji wa kujifungua unafaa zaidi, maana una kipimo cha kulinganishia. Tamko la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2015 linasema kwamba kiwango chake katika jamii kikipanda hadi asilimia 10 ya wanaojifungua huambatana na kupungua kwa vifo vya akina mama na watoto wachanga, na kikizidi hapo hakuna tena uhusiano huo. Wilaya yenye asilimia 2 haijabahatika kuwa na wanawake wanaojifungua kwa urahisi. Ina wanawake wasioifikia meza ya upasuaji. Ila hakikisheni mmehesabu pia wanaokwenda hospitali nyingine, za dini na za watu binafsi, la sivyo mtailaumu wilaya inayohudumiwa vizuri na jirani yenu.

Kama ningeruhusiwa kuomba namba moja tu, ningeomba rufaa: vituo vya chini viliandika barua ngapi za rufaa kuja kwenu, na wagonjwa wangapi kati ya hao walionekana mapokezi. Ichambueni kwa kituo. Pengo hilo linawaonyesha mgonjwa anapotelea wapi, na ni kazi ya kulinganisha madaftari mawili. Fungueni pia daftari la wanaorudishwa: aliyefika dirishani akakosa fedha, aliyefika siku isiyo ya kliniki, aliyekosa mkalimani. Hospitali nyingi haziwaandiki watu hawa, na mtu asiyeandikwa hawezi kuonekana kwenye ripoti yoyote, hata ichambuliwe vipi.

Kuhusu makundi madogo, menejimenti ina hoja, lakini imeikatisha mapema. Tuseme kundi moja lina wagonjwa 40, wakafariki 4, na jingine lina 600, wakafariki 30. Ni asilimia 10 dhidi ya 5, na mtu anaweza kupiga kelele kwamba kundi la kwanza linakufa mara mbili ya jingine. Ukikokotoa kwa njia za kawaida za takwimu, kiwango halisi cha kundi la watu 40 kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 4 na 23. Tofauti inaweza kuwa ya bahati tu, na inaweza pia kuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Jambo hilihili hutokea upande wa pili. Kundi la wagonjwa 30 lisilo na kifo hata kimoja halijathibitisha usalama. Gawa 3 kwa idadi ya wagonjwa, na unapata kikomo cha juu cha kukadiria, ambacho hapa ni asilimia 10. Kwa hiyo "hakuna kifo" si kibali cha kuacha kulitazama kundi hilo.

Uchache wa watu unabadilisha namna ya kutazama. Jumlisheni miezi 12, au hata miaka mitatu, badala ya robo moja. Kila kiwango kiandikwe na mipaka yake ya chini na ya juu. Unganisheni makundi yanayokabiliwa na kikwazo kilekile, kwa mfano vijiji vyote vinavyotegemea barabara moja inayokatika wakati wa mvua, lakini msichanganye wasiofanana ili tu kupata idadi kubwa. Na pale ambapo hata hivyo idadi haitoshi, someni mafaili. Vifo 4 ni mafaili 4. Madaktari na wauguzi wayapitie ukurasa kwa ukurasa, waandike mgonjwa alichelewa wapi na kwa nini, kisha bodi iletewe matokeo bila majina. Katika ripoti inayotolewa hadharani idadi ndogo sana zifichwe ili mtu asitambulike.

Mtaambiwa pia kwamba takwimu "zimerekebishwa", yaani athari ya tofauti fulani kati ya wagonjwa imeondolewa kwenye hesabu ili makundi yalinganishwe. Kurekebisha kwa umri na aina ya ugonjwa ni sawa. Lakini zikirekebishwa kwa umaskini au umbali, mmeshaondoa kwenye hesabu jambo lenyewe mnalolichunguza. Ombeni hesabu zote mbili, kabla na baada. Hata ukali wa ugonjwa wakati wa kulazwa uangalieni kwa makini, maana mara nyingi ukali huo ni matunda ya kucheleweshwa.

Vilevile, vifaa na programu vina upendeleo wao. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta kwamba kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kilishindwa kuonyesha upungufu mkubwa wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti walionyesha kwamba programu moja ya kuchagua wagonjwa wa kupewa msaada wa ziada ilipima uhitaji kwa gharama za matibabu zilizokwishatumika, hivyo ikawaona weusi kuwa na afya kuliko walivyokuwa, kwa sababu tu walikuwa wametumiwa fedha kidogo. Manunuzi ya vifaa kama hivi yanapofika mezani, ulizeni vilipimwa kwa watu gani.

Sasa mpaka kati ya bodi na menejimenti. Bodi inauliza pengo liko wapi, lina ukubwa gani, nani analishughulikia na litapungua kwa kiasi gani ifikapo lini. Namna ya kulipunguza ni kazi ya menejimenti. Ombeni kiongozi mmoja mwenye madaraka juu ya bajeti na watumishi awe mwenye dhamana, na jambo hilo liingie kwenye tathmini ya utendaji wake. Kumkabidhi ofisa wa ustawi wa jamii asiye na fungu la fedha ni kumwonea. Joint Commission, taasisi inayozipa hospitali ithibati huko Marekani, Januari 2023 ilianza kuzitaka hospitali ziteue mtu au watu wa kuongoza kazi ya kupunguza tofauti za huduma. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 149, inazitaka mamlaka za umma kuzingatia usawa zinapotekeleza majukumu yake, na mahakama za huko zimesisitiza kwamba hilo lifanyike kabla ya uamuzi. Hili la pili mnaweza kuliiga kesho. Pendekezo lolote la kufunga kliniki, kubadili saa au kupandisha ada lisijadiliwe kama halionyeshi litamgusa nani.

Mkiweka malengo, tazameni vipimo viwili kwa pamoja. Vifo vikishuka kutoka asilimia 8 hadi 3 kwa kundi lenye hali duni, na kutoka 4 hadi 1 kwa kundi lenye nafuu, tofauti imepungua kutoka pointi 4 hadi 2, lakini uwiano umepanda kutoka mara mbili hadi mara tatu. Kila upande utachagua namba inayoupendeza. Pengo pia linaweza kufungwa kwa walio juu kuharibikiwa, na hayo si mafanikio.

Mkaguzi wa ndani atumike pia. Achukue sampuli ya waliostahili msamaha, aangalie wangapi waliupata na wangapi walilipishwa. Kuhusu kamati yako, nadhani haipaswi kukutana peke yake daima. Ikae pamoja na kamati ya fedha angalau mara moja kabla ya bajeti, kwa sababu kliniki za mkoba, magari ya wagonjwa na wakalimani huamuliwa huko.

Jiandaeni kwa jambo moja. Robo ya kwanza na ya pili baada ya kuanza, namba zitaonekana mbaya kuliko za zamani, kwa kuwa waliokuwa hawaandikwi wameanza kuandikwa. Iarifuni mapema mamlaka inayowasimamia, kwa maandishi, ili mganga au mtunza takwimu asiadhibiwe kwa kuandika ukweli.