Midundo ya Bainoro Unapoandika Programu: Nini Hasa Kinachosaidia

Mtu akiniuliza kama midundo ya bainoro, ule mtetemo unaousikia kila sikio linapopewa toni yake iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake, inanoa akili, namjibu hapana. Akiniuliza kama mimi mwenyewe naitumia ninapoandika programu za kompyuta, namjibu ndiyo, karibu kila siku ya kazi. Majibu hayo mawili hayagombani, ila yanahitaji maelezo, kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu midundo hii ama ni ahadi za miujiza ama ni dharau za watu ambao hawajawahi kuvaa hedifoni wakajaribu.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Sikio la kushoto linapewa toni moja laini, tuseme ya hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde. La kulia linapewa ya hezi 216. Ukizisikiliza pamoja husikii toni mbili. Unasikia moja tu, nayo inatetemeka mara 16 kwa sekunde. Mtetemo huo haumo hewani wala haumo kwenye faili. Unazaliwa kichwani mwako. Ishara za masikio mawili hukutana kwa mara ya kwanza kwenye shina la ubongo, na hapo ndipo ubongo unapolinganisha sauti imetangulia kufika sikio lipi, ili ujue anayekuita yuko upande gani. Toni mbili zinazotofautiana kidogo hupishana na kukutana tena bila kukoma, na seli za hapo huipokea hali hiyo kama mdundo. Mwanafizikia wa Prussia, Heinrich Wilhelm Dove, aliigundua karibu na mwaka 1840, lakini watu wengi waliisikia habari yake baada ya mtafiti Gerald Oster kuandika makala kwenye jarida la Scientific American mwaka 1973.

Ukielewa hilo, masharti yake yanajieleza. Toni zenyewe ziwe chini ya hezi 1000 hivi, maana juu ya hapo mdundo hufifia. Tofauti kati yake isizidi hezi 30 na kitu, la sivyo utaanza kusikia toni mbili zilizoachana. Ndiyo maana zile rekodi za hezi 40 zilizojaa mtandaoni nazitazama kwa jicho la pembeni: ziko nje ya eneo ambalo mdundo unasikika vizuri. Kipimo cha haraka ni kutoa hedifoni upande mmoja. Mdundo ukiendelea kusikika, ulichokuwa unasikiliza si bainoro. Ni toni mbili zilizochanganywa kabla hazijakufikia, au ni toni moja iliyokatwakatwa. Hizo nazo zina wapenzi wake, na zinasikika hata kwenye spika ya kawaida, lakini ni habari nyingine.

Kinachouza rekodi hizi ni dhana kwamba ubongo hufuata mdundo. Tangu daktari Mjerumani Hans Berger alipochapisha vipimo vya kwanza vya umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1929, mawimbi ya ubongo yamepangwa kwa kasi yake: delta, chini ya hezi 4, ni ya usingizi mzito, theta ni 4 hadi 8, alfa, 8 hadi 13, huonekana sana mtu anapotulia na kufumba macho, beta, 13 hadi 30, huhusishwa na akili iliyo kazini. Basi wauzaji wakapiga hesabu yao: mpe mtu mdundo wa hezi 16, ubongo wake utaingia beta, naye atakuwa makini. Inavutia masikioni. Lakini ubongo wa mtu anayesoma msimbo, yaani maandishi ya programu, una mawimbi ya kila aina kwa wakati mmoja, na umakini si namba unayoweza kuiandika kwenye jina la faili.

Utafiti nao umegawanyika. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapa watu kazi ya kuchosha ya nusu saa, kukodolea skrini macho wakisubiri ishara fulani itokee. Waliposikiliza midundo ya beta walizinasa ishara vizuri zaidi kuliko waliposikiliza theta na delta. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya tafiti 22 ulikuta athari ya wastani kwenye kumbukumbu, umakini, wasiwasi na maumivu. Upande wa pili, utafiti uliotoka katika jarida la eNeuro mwaka 2020 ulionyesha kwamba midundo ya bainoro hugusa mawimbi ya ubongo kwa nguvu ndogo kuliko toni zilizochanganywa tangu mwanzo, na haikubadili hisia za wasikilizaji. Mapitio ya mwaka 2023 katika jarida la PLOS ONE yalitazama tafiti 14 zilizopima kama ubongo kweli hufuata mdundo: tano zilisema ndiyo, nane zikasema hapana, moja ikabaki katikati.

Mimi nazisoma hivi: huenda pana faida ndogo, lakini ile hadithi ya ubongo kuvutwa hadi hezi 16 haijasimama. Tena tazama ni kazi gani iliyopimwa pale Duke. Kusubiri kitu adimu kitokee kwenye skrini kunafanana na kupekua kumbukumbu ndefu za seva, zile orodha za matukio yake, ukitafuta mstari mmoja wenye kosa. Hakufanani na kubuni muundo wa programu kutoka sifuri.

Kwa nini basi naitumia? Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: inafunika maneno ya watu. Watafiti Pierre Salamé na Alan Baddeley walionyesha mwaka 1982 kwamba maneno yanayosikika pembeni huvuruga uwezo wa kukumbuka mfuatano wa tarakimu ulizotoka kuzisoma, hata kama umeambiwa usiyajali. Mwandishi wa programu anaishi humohumo. Unafuatilia fanksheni, kipande cha programu chenye kazi yake, inayoita nyingine, inayoita ya tatu, huku umeshikilia kichwani majina manne na thamani zake. Mtu akianza kusimulia nyuma yako, au mwimbaji akianza ubeti, jina moja linaanguka na unarudi juu ya faili kuanza upya. Muziki wenye maneno ya lugha unayoielewa ni adui hapa, hata kama unaupenda. Hasa kama unaupenda. Midundo haina neno hata moja, haina kiitikio cha kusubiri, haina wimbo unaoisha ukakufanya ushike simu kuchagua mwingine.

Sababu ya pili ni mazoea, na kwangu hii ndiyo yenye uzito. Nina sauti moja tu ya kazi, na siisikilizi wakati mwingine wowote: si kitandani, si safarini. Kabla ya kuvaa hedifoni naandika sentensi moja ya ninachokwenda kufanya, kwa mfano "tafuta kwa nini oda inahifadhiwa mara mbili". Kisha navaa, nafunga ujumbe, naanza. Baada ya wiki kadhaa sauti yenyewe ikaanza kunifungulia kazi. Nikiisikia, mkono unaacha kutafuta kichupo kingine cha kivinjari. Je, mvumo wa feni ungefanya vilevile? Huenda. Nilitaka kujua, na hapa kuwa mwandishi wa programu kuna raha yake, maana jaribio unaweza kujitengenezea.

Niliandika skripti fupi, programu ndogo kwa lugha ya Python, inayochagua kwa bahati nasibu moja ya faili mbili. Ya kwanza ina hezi 200 kushoto na 216 kulia. Ya pili ina hezi 208 pande zote, yaani hakuna mdundo wowote. Zote mbili nimezifunika kwa kelele ya kahawia, ule mngurumo mzito kama wa maporomoko ya maji ya mbali, kwa sababu bila kifuniko sikio linautambua mtetemo mara moja na jaribio linakuwa bure. Skripti inaandika chaguo lake kwenye faili ambalo silifungui. Mwisho wa kipindi najipa alama ya umakini, naandika kama nilichokusudia kimekamilika, ndipo naendelea na mambo mengine. Baadaye sana nalinganisha.

Matokeo yangu hayamhusu mtu mwingine, lakini nayasema: tofauti kati ya mdundo na toni tupu ilikuwa ndogo kiasi kwamba nisingeiwekea dau. Tofauti kati ya kuwa na kelele ya kahawia na kukaa bila chochote ilionekana waziwazi, na ile sentensi ya mwanzo ilishinda vyote. Siku ambazo niliruka kuiandika, hakuna sauti iliyonisaidia. Hata hivyo mdundo nimeubakiza, kwa kuwa haunigharimu kitu na nimeshauzoea kama alama ya kuanza kazi. Jaribio hili nakushauri ulifanye kabla hujaamini uzoefu wangu au wa mtu mwingine yeyote. Wengine huenda wakapata tofauti kubwa kuliko yangu, wengine wakakuta mtetemo unawakera.

Ukitaka kujitengenezea, huhitaji kununua chochote. Ukiwa na SoX, programu ya kutengeneza sauti kwa amri za maandishi, mstari huu unatosha:

sox -n -c 2 -b 16 mdundo.wav synth 60 sine 200 sine 216 vol 0.1

Unapata dakika moja yenye chaneli mbili, kila moja na toni yake, kwa sauti ya chini. Dakika moja inatosha kwa sababu hezi 200 na 216 zote hukamilisha mawimbi kamili ndani ya sekunde 60, kwa hiyo ukiliweka faili lijirudie, kiungo hakisikiki. Usiligeuze kuwa MP3, maana umbizo hilo huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni, na kila dakika utasikia kijikwazo. Baki na WAV au FLAC. Wasiopenda amri wanaweza kutumia Audacity, programu ya kuhariri sauti: tengeneza nyimbo mbili za toni, moja isukume kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Anayetaka kuiendesha ndani ya kivinjari anazo zana zote katika Web Audio, zana za sauti zilizomo ndani ya vivinjari.

Kwenye hedifoni kuna mitego. Simu na kompyuta nyingi zina mpangilio wa kuunganisha chaneli mbili kuwa moja, uliowekwa kwa ajili ya wanaosikia kwa sikio moja. Ukiwa umewashwa, bainoro haipo tena. Zima pia athari za sauti ya kuzunguka kichwa, kwani huchanganya kushoto na kulia. Ukitumia hedifoni za Bluetooth, hakikisha zote mbili zimeunganishwa, usicheke, hutokea. Kuhusu toni zenyewe, napendelea kati ya hezi 150 na 250. Zikipanda juu zaidi zinachosha sikio, zikiwa chini sana hedifoni ndogo hazizitoi vizuri. Tofauti naiweka kati ya 14 na 18. Na mdundo ukae chini ya kelele, usikike kwa taabu. Ukiwa unausikiliza, tayari umeacha kusoma msimbo.

Sauti iwe ndogo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtu anayevaa hedifoni siku nzima ya kazi anazifikia saa hizo bila kujua. Ukipandisha sauti juu zaidi, muda salama unapungua haraka. Mimi huvua baada ya kama dakika hamsini, kwa ajili ya masikio na kwa ajili ya mgongo. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza. Anayepata kichwa kuuma au kizunguzungu aache tu. Hakuna haja ya kuvumilia.

Kazi nyingine naifanya bila sauti yoyote. Ninapobuni muundo mpya, ninapochora jinsi data itakavyopita, au ninapotafuta jina zuri la kitu, nataka kimya, na mara nyingi nataka kutembea. Midundo naiwekea kazi ambayo njia yake inajulikana na kinachohitajika ni kukaa nayo: kusoma msimbo wa mtu mwingine, kuandika majaribio, kuhamisha fanksheni kutoka maktaba ya msimbo ya zamani kwenda mpya, kuwinda hitilafu iliyojificha. Nikiwa nimelala vibaya, hainiokoi. Kazi isiyoeleweka inachotaka vile vile haigeuki kuwa wazi, na hapo dawa ni kumuuliza aliyeiomba.

Kuhusu rekodi za kulipia zinazoahidi kuongeza akili au kufungua nusu ya ubongo iliyolala: kabla hujatoa pesa, omba uambiwe toni mbili ni za hezi ngapi. Muuzaji akikwepa, pakua sampuli, ifungue kwenye Audacity, tenganisha chaneli, kisha uangalie taswira ya masafa ya kila upande. Mdundo wa kweli utauona bila shida: mstari mmoja kushoto, mwingine kulia, ukiwa umepanda kidogo. Nimewahi kukuta rekodi ambazo chaneli zake mbili zilifanana kabisa, kinanda na mvua tu.