"Tafuteni elimu hata China": moyo ukiridhia, inatosha?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nimekatazwa kusema darsani kwamba Mtume (s.a.w.) amesema "Tafuteni elimu hata China." Maneno ni mazuri, hayapingani na Qur'ani, na moyo wangu unayaridhia. Si tumeambiwa tuulize nyoyo zetu?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Aliyekukataza yuko sawa. Hadithi hiyo inanasibishwa na Anas (r.a.) kupitia kwa Abu Atika, mpokezi ambaye Bukhari amemwita munkari wa hadithi, yaani hadithi zake hukataliwa. Ibn Hibban ameiita batili isiyo na asili, na Ibn al-Jawzi ameiweka kwenye mkusanyo wake wa hadithi za kuzushwa. Wengine wameishia kusema ni dhaifu tu. Aliyeihukumu kuwa sahihi kwa isnadi hiyo (mlolongo wa wapokezi) hapatikani kwa wepesi.

Ama "uulize moyo wako," ni hadithi ya Wabisa bin Ma'bad (r.a.), kaipokea Ahmad na Darimi, yaani wameiandika vitabuni mwao. Isome yote: Wabisa alikuja kuuliza juu ya wema na dhambi. Moyo huulizwa pale jambo lako mwenyewe linapokutia shaka, ulifanye au uliache. Kama Mtume kasema au hakusema, hiyo ni habari, na habari huulizwa waliosikia. Mpokezi mmoja, Nuh bin Abi Maryam, alizusha hadithi za fadhila za sura moja baada ya nyingine, akidai aliona watu wameipa Qur'ani mgongo. Zilipendeza, ndiyo maana zikaenea. Uongo unaochukiza nani angeupokea?

Basi hadithi ikikugusa, usianze na maana. Dai jina la kitabu na namba. Ikiwa imo ndani ya Sahihi Bukhari au Sahihi Muslim kwa isnadi kamili, umemaliza kazi. Ikiwa ni Tirmidhi, Abu Daud au Ibn Majah, tafuta hukumu yake, kwani humo mna sahihi na dhaifu. Wengi hukwama hapa: wakiona "kaipokea Bayhaqi," hudhani kaithibitisha. Hii ya China kaipokea kweli, na papo hapo akasema isnadi yake ni dhaifu!

Ukikosa hukumu, yaseme maneno yenyewe bila kumtaja Mtume. Muslim amepokea kwamba anayesimulia kutoka kwa Mtume jambo linaloonekana kuwa ni uongo, naye ni mmoja wa waongo.

Darsani tumia hii, Muslim namba 2699: "Mwenye kushika njia akitafuta elimu, Allah humsahilishia kwayo njia ya kwenda Peponi."

Wallaahu a'lam.