Daktari aliyekimbilia uyoga

SWALI: Mhariri, hivi zamani mtu alisomeaje mambo ya fangasi, na makaratasi yake yaliishia wapi? Mwanafunzi, Morogoro.

JIBU: Chukua William Farlow, Mmarekani wa Boston, kazaliwa 1844. Jamaa alisomea udaktari kabisa pale Chuo Kikuu cha Harvard, kamaliza 1870, halafu badala ya kutibu watu akawa msaidizi wa mtaalamu wa mimea Asa Gray, na 1872 akavuka bahari mpaka Strasbourg (mji ulioko Ufaransa siku hizi) kwa Anton de Bary, yule mtaalamu wa fangasi aliyethibitisha kinacholeta ugonjwa wa ukungu wa viazi (enzi hizo walikiita fangasi, siku hizi kishahamishwa kundi). Karudi 1874, na 1879 akapewa uprofesa wa mimea isiyotoa maua, maana uyoga na fangasi wengine nao walihesabiwa humo, ndo mambo ya wakati ule.

Alifariki 1919, vitabu na sampuli akawaachia Harvard, na barua zake zinatunzwa kwenye maktaba yenye jina lake. Sampuli zenyewe usitegemee makubwa: vibahasha vya karatasi, ndani kipande cha uyoga kimekauka kama ngozi, juu lebo ya nani kauchuma, wapi, lini. Mi napenda hizo lebo kuliko hata uyoga.